Nywele Zikianza Kunyonyoka

Kila inapokaribia siku ya Komunyo ya Kwanza tunapata wagonjwa wa aina moja hapa hospitalini: mabinti wa miaka minane au tisa, wamesukwa vizuri sana, lakini usiku kucha hawakulala kwa maumivu ya kichwa. Mama huja kuomba dawa ya homa. Tukimgeuza mtoto kuelekea dirishani tunaona ngozi ya pembeni mwa paji la uso imevutwa hadi imeinuka, na vipele vyenye usaha vimejipanga kando ya mistari ya msuko. Dawa yetu ya kwanza ni kuufumua. Wapo akina mama wanaotununia, maana msusi amelipwa jana tu.

Ndiyo sababu mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya kunyonyoka kwa nywele. Wengi huliona ni jambo la urembo, wakanunua mafuta sokoni, na yakiisha wakanunua mengine. Sisi tunaomba kichwa kitazamwe kwanza kwenye mwanga, kwa sababu ziko nywele zinazorudi zenyewe, ziko zinazohitaji vidonge, na ziko ambazo zikishapotea hazirudi tena.

Kila unywele huota katika tundu lake ndani ya ngozi. Hukua kiasi cha sentimeta 1 kwa mwezi, kisha hupumzika na kudondoka, na mwingine huota mahali pake. Mtu mzima hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku bila ugonjwa wowote. Kwa hiyo ukifumua msuko wa wiki nne na kukuta fungu zima kwenye chanuo, usishtuke. Hizo ni za mwezi mzima.

Lakini tundu likivutwa mwaka baada ya mwaka hupata kovu, na penye kovu hapaoti kitu. Tatizo hili si la kwetu peke yetu. Utafiti wa Cape Town, Afrika ya Kusini, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta karibu mwanamke mmoja kati ya watatu waliochunguzwa amepoteza nywele kwa kuvutwa, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wanaosuka juu ya nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha.

Msuko unaouma umebana, hata kama umependeza. Usimeze Panadol ili uuvumilie. Mwambie msusi alegeze pembeni na asiongeze nywele bandia nzito. Ukitia dawa ya kulainisha, ngoja wiki mbili au zaidi ndipo usuke. Nywele za pembeni zikiwa zimeanza kurudi nyuma, lakini bado unaona vinyweleo laini, pumzisha kichwa. Baada ya miezi kadhaa zinaweza kurudi. Ngozi ikiwa tayari imekuwa nyororo na inang'aa, bila tundu lolote, hakuna mafuta ya kuiotesha, na anayekuuzia anakula fedha yako bure.

Kwa watoto wa shule adui mkubwa ni mapunye. Utaona baka lenye magamba meupe, mtoto anajikuna, na nywele zimekatika zikabaki kama vidoa vyeusi. Mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi, maana fangasi wamekwisha kuingia ndani ya unywele. Panahitajika vidonge, mara nyingi griseofulvin, kwa muda wa wiki 6 hadi 8, navyo hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta kama maziwa au karanga. Akina mama wengi huacha wiki ya tatu kwa kuwa mwasho umekwisha. Mwezi ujao wanarudi.

Wakati mwingine mapunye huumuka na kutoa usaha kama jipu. Tulimpokea mvulana ambaye uvimbe wake ulipasuliwa kwa wembe nyumbani, kisha ukamwagiwa mafuta ya taa. Halikuwa jipu. Vidonge vilimponya, lakini palipopita wembe hapajaota unywele hadi leo.

Mama aliyejifungua huweza kuona nywele zikipukutika kwa wingi mwezi wa tatu au wa nne. Hajarogwa. Nywele zilizokaa bila kudondoka wakati wa ujauzito sasa zinaondoka pamoja, na kwa kawaida hurudi kabla mtoto hajatimiza mwaka. Hutokea pia baada ya homa kali, upasuaji au njaa. Zikiendelea, njoo upimwe damu, na tutatazama kama una rovu shingoni. Dagaa, maharage na mboga za majani husaidia kuliko chupa za dukani.

Baka la mviringo, laini, lisilo na magamba wala mwasho, haliambukizi na mara nyingi hupona lenyewe. Lakini nywele zikitoka mabakamabaka kwa mtu mzima, mwenye vipele mwilini, huenda ni kaswende. Hapo tunaomba mume na mke wapimwe wote wawili, kabla ya kugombana.

Upara wa akina baba hurithiwa, wala si ugonjwa. Iko dawa ya kupaka iitwayo minoxidil. Huweza kusaidia ikianzwa mapema, lakini ukiiacha, nywele ilizozishikilia hudondoka. Wengi tuliowaeleza hivyo wamekwenda kununua kofia.

Mkimleta mtoto mwenye mapunye, msimpake mafuta siku hiyo, na waje pia ndugu zake wanaotumia chanuo moja naye, hata kama hawajikuni. Chanuo lenyewe lifuliwe kwa sabuni na maji ya moto. Mwenye msuko aje akiwa ameufumua. Akishindwa, tutamfumua hapa hapa.