Riwaya ya Han Li: Tamu yake na chungu yake

UKIMKUTA mwanao saa sita za usiku kajifunika blanketi, mwangaza wa simu ukimmulika usoni, usidhani kila mara anapiga gumzo na wenzake. Yamkini yuko China ya kubuni, akipanda milima pamoja na kijana maskini aitwaye Han Li.

Huyu ni mhusika mkuu wa Fanren Xiuxian Zhuan, riwaya ya mwandishi Wang Yu kuhusu mtu wa kawaida anayetafuta uhai usio na mwisho. Ilianza kutolewa katika intaneti, sura baada ya sura, mwaka wa 2008. Ilipokamilika mwaka wa 2013 ilikuwa imepita sura 2,400. Imetafsiriwa kwa Kiingereza, na mwaka wa 2020 ikaanza kuonyeshwa kama filamu ya katuni.

Riwaya za aina hii zimechota katika imani ya kale ya Kitao: kwamba binadamu akiizoeza pumzi na mwili wake, na kutumia dawa za miti, aweza kupanda daraja moja baada ya nyingine hadi akayakwepa mauti.

UZURI WAKE

Sifa ya kwanza ni kwamba Han Li hakuzaliwa shujaa. Ni mtoto wa mkulima, sura yake ya kawaida na kipaji chake hafifu. Ami yake alimpeleka kwa kundi la wapiganaji angali mdogo, ili apate cha kuwatumia wazazi.

Huko akaangukia mikononi mwa tabibu Mo, aliyemfunza dawa kwa bidii. Kumbe mwalimu huyo alikuwa akimlea kama mbuzi wa sikukuu! Nia yake ilikuwa kuuteka mwili wa mwanafunzi wake aishi ndani yake. Han Li alinusurika kwa sababu alishuku mapema na kujiandaa kimya kimya.

Hali kadhalika, aliokota kichupa chenye tone linalokomaza mti wa dawa kwa siku chache badala ya miaka mingi. Mwingine angejigamba. Yeye alifunga mdomo, akijua kwamba siri ikitoka, roho nayo itatoka.

Lakini ukurasa unaogusa moyo zaidi hauna vita. Han Li anarudi kijijini na kukuta dada yake mdogo anaolewa. Anatazama kwa mbali, kisha anageuka na kwenda zake bila ya kujitambulisha.

ILA ZAKE

Ila ya kwanza ni urefu. Tangu mwaka wa 2003, mtandao wa Qidian uliochapisha riwaya hii umekuwa ukiwatoza wasomaji kulingana na idadi ya maneno. Kwa hivyo anayeandika kirefu ndiye anayekula. Si ajabu basi kwamba mambo yanajirudia: adui mwenye kiburi, hazina, vita, Han Li anatoroka, anapanda daraja, anahamia nchi nyingine, na mzunguko unaanza upya.

Isitoshe, wanawake wamepewa nafasi finyu. Hata Nangong Wan, kipenzi cha Han Li, hutoweka kwa muda mrefu mno.

Ila kubwa zaidi ni kwamba uhai wa wengine umekuwa rahisi. Watu wanauawa kwa ajili ya mfuko wa dawa, na mwandishi hatulii kuwalilia. Yule mtoto aliyetoka nyumbani ili awasaidie wazazi anaishi mamia ya miaka, nao wanazeeka na kufa bila yeye.

Mzazi, usikimbilie kumpokonya kijana simu. Muulize: je, Han Li alifanya vyema kugeuka siku ile ya harusi? Jibu lake litakuonyesha alichovuna humo. Wahenga walisema mtu ni watu. Han Li alipata miaka, watu akawakosa.