Mkono Kwenye Maji ya Moto

Mwaka 1997 jarida la Science lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa Montreal, Kanada, na Pierre Rainville, Catherine Bushnell na wenzao. Watu waliolala ndani ya skana ya PET walizamisha mkono wa kushoto kwenye maji ya nyuzi joto 47. Kwa muda mfupi joto hilo halichubui ngozi, ila linauma kweli. Walikuwa tayari katika hali ya hipnosisi, na kwa zamu waliambiwa kwamba safari hii maji yatawakera sana, au kwamba safari hii hayatawasumbua. Maji yenyewe hayakubadilishwa.

Kila mara waliulizwa maswali mawili: maumivu ni makali kiasi gani, na yanakukera kiasi gani? Jibu la swali la pili lilipanda na kushuka kufuata maneno waliyoambiwa, na picha za ubongo zikaonyesha hivyohivyo. Sehemu ya gamba la ubongo inayopokea taarifa za ngozi iliendelea na kazi yake kama kawaida. Iliyobadilika ni singuleti ya mbele, ukanda ulio katikati ya ubongo, ambao hushughulika na uzito wa jambo: hili linanihusu kiasi gani, nilifanyie nini. Mwaka 2001 kundi hilohilo lilirudi na maneno mengine. Sasa waliwaelekeza watu kwenye ukali wa maumivu badala ya kero yake, na safari hii lile gamba la ngozi ndilo lililobadilika.

Kwangu mimi majaribio haya mawili yana uzito kuliko vitabu vyote vya kujisaidia vinavyouzwa viwanja vya ndege. Yanaonyesha kwamba maumivu si kengele moja inayolia kichwani. Yana tabaka, na sauti ya mtu mwingine inaweza kufikia tabaka moja na kuliacha jingine. Taamuli, au meditesheni kama wengi wanavyoiita, nayo hufika kwenye maumivu hayohayo, lakini kwa mlango ulio kinyume kabisa. Watu wengi huziweka hipnosisi na taamuli kapu moja, kwa kuwa zote humkuta mtu amekaa kimya na macho yamefumba. Ndani ya ubongo zinatofautiana.

Tuanze na hipnosisi, maana ndiyo yenye jina baya. Kwenye vijiwe vya Dar es Salaam na Nairobi hukosi kusikia habari za mtu aliyesalimiwa na mgeni njiani, akajikuta amemkabidhi simu na pochi, na wasikilizaji wote wakakubaliana kwamba alipumbazwa. Hipnosisi ya hospitali haina mvuto huo. Mtu huketi, hukazia macho sehemu moja au huyafumba, husikiliza sauti ya mtaalamu, na mawazo yake hukusanyika taratibu hadi sauti ile inabaki kuwa jambo kubwa kuliko yote chumbani. Hajalala. Mawimbi ya umeme ya ubongo wake ni ya mtu aliye macho, na jengo likishika moto atainuka na kukimbia kama wengine.

Pia haimkolei kila mtu. Mwaka 1959 Andre Weitzenhoffer na Ernest Hilgard wa Chuo Kikuu cha Stanford walitunga kipimo chenye vipengele 12: mkono wako unazidi kuwa mzito, kuna nzi anakuzunguka, huwezi kufumbua macho. Unahesabiwa vipengele vilivyokutokea kweli. Takriban mtu mmoja kati ya kumi hupata alama za juu sana, wengine wachache hawapati karibu chochote, na waliobaki wako katikati. La ajabu ni kwamba alama hizi hazibadiliki. Wanafunzi wa zamani wa Stanford walipopimwa tena baada ya miaka 25, wengi walikuwa palepale walipokuwa ujanani, baada ya ndoa, kazi na mvi. Hiki ni kipaji, kama sikio la muziki. Hakina uhusiano na ujinga wala udhaifu wa tabia.

Wenye kipaji hicho hufanya mambo magumu kuaminika. Chukua neno NYEKUNDU, liandike kwa wino wa kijani, umwambie mtu ataje rangi ya wino upesi. Atasitasita, kwa sababu anayejua kusoma hawezi kujizuia kusoma. Amir Raz na wenzake huko New York waliwaambia watu wenye kipaji cha hipnosisi kwamba maandishi watakayoona ni ya lugha ya kigeni wasiyoijua, hayana maana. Kusitasita kukaisha. Walipopimwa kwenye mashine ya MRI, katika utafiti uliotoka mwaka 2005, ileile singuleti ya mbele, ambayo huamka ubongo unapogombana na nafsi yake, ilikuwa imetulia.

David Spiegel wa Stanford alitafuta alama ya hali yenyewe, mbali na jaribio lolote mahususi. Yeye na wenzake waliwachuja watu 545 wakabaki na 36 wenye kipaji kikubwa na 21 wasio nacho kabisa. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, wale wa kundi la kwanza walipoingia hipnosisi singuleti ilipoa. Sehemu za mbele zinazopanga matendo zilizidi kuunganika na insula, inayofuatilia hali ya mwili, na wakati huohuo zikaachana na mtandao unaoshughulika na habari za nafsi: mimi ni nani, nilifanya nini jana, watanionaje. Kwa maneno mengine, mtu anatenda bila kujitazama akitenda. Ndiyo maana husema mkono uliinuka wenyewe.

Madaktari waliligundua hili zamani kabla ya kuwa na mashine za kulieleza. James Esdaile, daktari mpasuaji wa Kiskoti aliyefanya kazi Hooghly, Bengali, alimpasua busha mfungwa mmoja mwaka 1845. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa busha ni nini, wala matende. Ni minyoo ileile inayoenezwa na mbu, ambayo Tanzania bado inagawa dawa za kuitokomeza. Wakati ule hapakuwa na dawa ya usingizi. Esdaile aliwaagiza wasaidizi wake wapitishe mikono juu ya mgonjwa saa nzima au zaidi, kwa mtindo wa Franz Anton Mesmer, uliotangulia hipnosisi, kisha akakata uvimbe ambao mara nyingine ulikuwa na uzito wa kilo nyingi. Serikali ya kikoloni iliunda kamati mwaka 1846 ikamchunguze. Wajumbe waliwaona baadhi ya wagonjwa wametulia tuli, na wengine wakijipinda na kukunja uso kwa namna isiyoacha shaka. Mwaka huohuo etha ilianza kutumika katika upasuaji Boston, na mjadala ukafa. Etha haikuuliza kama una kipaji.

Lakini haukufa moja kwa moja. Katika hospitali ya chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji, Marie-Elisabeth Faymonville alianza mwaka 1992 kuchanganya hipnosisi na ganzi ya mahali na kiasi kidogo cha dawa ya kutuliza, na maelfu ya wagonjwa wamefanyiwa upasuaji kwa njia hiyo, wakiwemo wa tezi ya shingo. Huko New York, Guy Montgomery aliripoti mwaka 2007 juu ya wanawake 200 waliokuwa wanakwenda kufanyiwa upasuaji wa matiti. Waliopata dakika 15 za hipnosisi kabla ya kuingia chumba cha upasuaji walihitaji dawa kidogo kuliko waliozungumza tu na mtaalamu, wakatoka na maumivu na kichefuchefu kidogo, na hospitali ikaokoa takriban dola 770 kwa kila mgonjwa. Uingereza nako, mwongozo wa taifa wa matibabu unaitaja hipnosisi kwa wale ambao tumbo lao la kujisokota limekataa dawa kwa mwaka mzima. Siyo muujiza. Ni tiba ndogo yenye kazi yake.

Mahali pa kuikimbia hipnosisi ni pale anapotokea mtu anayedai ataitumia kuchimbua kumbukumbu ulizosahau. Aliye katika hali ile hutunga matukio kwa urahisi, kisha huyaamini kwa moyo wote. Mahakama ya Juu ya California ililitambua hilo mwaka 1982 na kuufungia mlango ushahidi wa namna hiyo.

Sasa tugeukie mlango wa pili. Rainville yuleyule wa maji ya moto, pamoja na Joshua Grant, aliwaita maabara watu wenye uzoefu mrefu wa taamuli ya Kibuda ya Zen, akawagusisha joto kali mguuni. Walihimili zaidi ya wengine. Ungetarajia kuona sehemu za maumivu zimepoa kama ilivyokuwa kwa watu wa hipnosisi. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 ilikuwa kinyume: singuleti na insula ziliwaka zaidi, na zilizopoa ni sehemu za mbele zinazotathmini, pamoja na zile za hofu na kumbukumbu. Watu wa Zen waliyasikia maumivu yote, pengine kuliko mtu wa kawaida. Walichoacha ni kuyaongezea maneno: kwa nini mimi, yataisha lini, je, ni saratani. Kwenye hipnosisi unapewa hadithi mpya ya maumivu yako, na kwenye taamuli unaacha kusimuliwa hadithi yoyote.

Peter Lush na Zoltan Dienes wa Chuo Kikuu cha Sussex waliibana tofauti hii kwa saa yenye mshale unaozunguka upesi. Bonyeza kitufe utakapo, kisha utuambie mshale ulikuwa wapi ulipojisikia unataka kubonyeza. Matokeo yao ya mwaka 2016 yanasema wenye uzoefu wa taamuli huliona kusudio lao mapema zaidi, na wenye kipaji cha hipnosisi huliona kwa kuchelewa. Mmoja anazidi kujiona akikusudia, mwingine anajipitia bila kujiona. Hapo ndipo ninapowashangaa wanaouza zote mbili katika kifurushi kimoja cha kutuliza akili.

Taamuli, tofauti na hipnosisi, hujifunzwa. Akili ya mtu ina tabia ya kuzurura: Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard waliwauliza watu kupitia simu zao, nyakati za kushtukiza, wanafanya nini na wanawaza nini. Matokeo yao ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba karibu asilimia 47 ya muda mawazo hayakuwa kwenye kazi iliyokuwa mkononi, na waliozurura hawakuwa na furaha kama waliotulia. Kuzurura huko ni kazi ya ule mtandao wa habari za nafsi. Mwaka 2011 Judson Brewer alionyesha kwamba kwa wazoefu wa taamuli mtandao huo hupoa.

Mwili nao una sehemu yake. Luciano Bernardi na wenzake walipima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini na wakitamka maneno ya Kibuda ya yoga, wakachapisha mwaka 2001 katika British Medical Journal. Njia zote mbili zilishusha pumzi hadi takriban sita kwa dakika, kasi inayolingana na mawimbi ya asili ya shinikizo la damu, na moyo ukawa mwepesi zaidi kuitikia shinikizo hilo. Tasbihi hawakuipima. Lakini mzee wa Unguja anayeivuta punje kwa punje kwa pumzi ndefu ana moyo na mapafu yaleyale, na sioni sababu ya kumwambia anunue programu ya simu.

Na hapa sayansi imelazimika kujirudi. Mwaka 2011 dunia nzima iliambiwa kwamba wiki nane za taamuli, katika kozi aliyoanzisha Jon Kabat-Zinn Massachusetts mwaka 1979, huongeza msongamano wa tishu katika sehemu fulani za ubongo. Mwaka 2022 kundi la Richard Davidson huko Madison, ambaye ni mpenzi na mtetezi mkubwa wa taamuli, lilirudia kwa watu wengi zaidi na kwa uangalifu zaidi. Halikuona ongezeko lolote. Mwaka huohuo yakatoka matokeo ya jaribio la shule 84 za Uingereza lenye wanafunzi zaidi ya 8,000: masomo ya taamuli ya umakini darasani hayakuwapunguzia huzuni wala wasiwasi kuliko masomo ya kawaida ya stadi za maisha. Mapitio ya Miguel Farias ya mwaka 2020 nayo yalikadiria kwamba takriban asilimia 8 ya wanaofanya taamuli hupata madhara, hasa wasiwasi na huzuni. Anayebeba jeraha la moyoni asifungiwe kimya siku kumi bila mtu wa kumshika mkono.

Kilichosalia baada ya mchujo huo bado ni kikubwa. Elizabeth Hoge na wenzake nchini Marekani waliwachukua watu wazima 276 wenye maradhi ya wasiwasi, wakawagawa kwa bahati nasibu: nusu wameze dawa ya escitalopram, nusu wafuate kozi ya Kabat-Zinn kwa wiki nane. Kwenye kipimo cha ukali wa ugonjwa kinachoanzia 1 hadi 7, waliomeza dawa walishuka kwa 1.43 na waliofanya taamuli kwa 1.35, tofauti isiyo na maana kitakwimu. Malalamiko ya madhara yalikuwa machache sana upande wa taamuli. Lakini kozi ile inadai darasa la saa mbili na nusu kila wiki, siku nzima ya ukimya mwisho wa wiki mojawapo, na dakika 45 kila siku nyumbani. Baada ya wiki 24, asilimia 52 ya waliopewa dawa walikuwa bado wanaimeza. Waliokuwa bado wanaketi kutafakari mara kwa mara walikuwa asilimia 28.