Barua ya Rufaa: Usiende Mikono Mitupu

Mganga wa zahanati akiona ugonjwa umemzidi uwezo, humwandikia mgonjwa barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, na hatimaye ya kanda, kama Bugando ya Mwanza au KCMC ya Moshi. Barua ieleze dalili, vipimo, dawa alizopewa na sababu ya kupelekwa.

Kabla ya safari, uliza daktari bingwa huona wagonjwa siku gani. Chukua picha za eksirei, majibu ya maabara na dawa zenyewe. Ukiviacha, vipimo hurudiwa na fedha hupotea.

Lakini aliyezimia, anayetoka damu nyingi, au mama mjamzito aliyepata degedege asingoje barua. Awahishwe hospitali!

Ukirudi, mpelekee mganga wako majibu ya bingwa, apate kuendeleza matibabu.