Maji Ndani ya Gari: Yatoka Wapi?



Sisi tuliolelewa pwani tumezoea mvua yenye majira na adabu zake. Mvua ya Johannesburg haina simile. Kuanzia Oktoba hadi Machi asubuhi huwa nyeupe, na ifikapo saa tisa au saa kumi alasiri mbingu hufunga ghafla, radi hupasuka na maji humwagika kwa muda mfupi kama yaliyopinduliwa, mara nyingine pamoja na mvua ya mawe. Saa hiyo ndiyo watoto wetu wa Mayfair na Fordsburg wamo njiani kwenda madrasani, na wengi wao wamepakiwa ndani ya magari yaliyowazidi umri.

Si lawama. Nchi hii kwa jumla hairuhusu magari yaliyotumika kuletwa kutoka ng'ambo, tofauti na Dar es Salaam, Mombasa au Unguja ambako gari lililotumika Japani ndilo gari la kila mtu. Kwa hiyo mgeni mwenye kipato kidogo hununua lililokwisha kuzunguka humu humu kwa miaka ishirini na zaidi. Citi Golf ni mfano mzuri: iliundwa Uitenhage, mji uitwao Kariega tangu 2021, kuanzia 1984 hadi 2009, na muda wote huo bodi yake ilibaki ni ya Golf ya kwanza iliyotoka Ujerumani mwaka 1974.

Binti yangu anayo moja ya 1999. Msimu uliopita kapeti ya mbele, upande wa abiria, ilianza kulowa. Fundi mmoja akapaka silikoni kuzunguka kioo cha mbele, akalipwa. Mvua ikanyesha, kapeti ikalowa. Akapaka tena, akalipwa tena. Siku ya tatu, katikati ya dhoruba, wajukuu wangu watatu wakiwa kiti cha nyuma, wepa zilisimama ghafla. Sanduku la fyuzi, lililo chini ya dashibodi, lilikuwa limeingia maji. Alhamdulillahi alikuwa karibu na ukingo wa barabara. Aliniambia kwamba kwa dakika kadhaa hakuona hata ncha ya boneti.

Nilifundisha fizikia kwa miaka mingi, nami nikaona haya kwamba sikulichunguza jambo hili mapema. Mahali pa kutona sipo penye tundu. Kila aliyelala chini ya paa la makuti analijua hilo. Ndani ya gari maji huingia juu, hufuata waya au ukingo wa bati, hupita nyuma ya dashibodi, yakaonekana miguuni au hata nyuma ya kiti.

Kwanza jua ni maji gani. Yakiwa na rangi, yakiteleza vidoleni na kunukia utamu, na chombo cha maji ya rejeta kikawa kinapungua, hayo si ya mvua: yatoka katika kirejeta kidogo cha kupasha joto kilicho ndani ya dashibodi. Usiyaonje, kwani ni sumu.

Yakiwa ya mvua, ondoa waya hasi wa betri, vua kapeti, kausha bati na utandaze magazeti makavu. Mtu mmoja akae ndani na kurunzi, mwingine amwage maji nje kwa mpira, taratibu, akianzia chini na kupanda juu, dakika kumi kila mahali. Mwenye haraka humwagia gari zima kwa pamoja, na hapo hajifunzi lolote.

Sisi tulianza milangoni. Wengi hawajui kwamba maji huingia ndani ya mlango kila mvua inyeshapo, kupitia ukingo wa kioo, na hiyo ni kawaida. Hutoka kwa vitundu vilivyo chini ya mlango, na karatasi ya plastiki iliyobandikwa nyuma ya pambo la mlango huyazuia yasiingie ndani. Fundi anayefunga spika huichana plastiki hiyo na asiirudishe. Yetu ilikuwa nzima.

Tulipofika chini ya kioo cha mbele, ndani ya mfereji uliofichwa na ukingo wa boneti, tukakuta kitalu kizima. Gari hulazwa chini ya mjakaranda. Maua na majani yalikuwa yameoza na kuziba njia ya maji. Mfereji ulikuwa ukijaa hadi kufurika kwenye tundu la feni ya hewa, ambayo mfuniko wake ulikuwa umepasuka, na maji yakaingia ndani moja kwa moja. Kioo hakikuwa na kosa lolote. Tulizoa uchafu kwa kijiko, tukabadilisha mfuniko na kukausha fyuzi moja moja.

Huambiwa kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Katika gari, azibaye ufa asioujua huyafungia maji ndani. Tena silikoni ile yenye harufu ya siki hula chuma. Tulipoikwangua tulikuta kutu imeanza pale ambapo hapakuwa na kutu. Mpira wa kioo ukiwa kweli umechakaa, kioo kitolewe, kutu ikwanguliwe hadi kwenye chuma kitupu, ipakwe rangi ya msingi, ndipo mpira mpya utiwe. Kazi hiyo ni ya fundi wa vioo, na wakati wake ni kipupwe, Mei hadi Agosti, mvua inapokuwa imekatika.

Na kapeti isipuuzwe. Juu yaweza kuwa kavu, kumbe sufi iliyo chini yake imeshika maji kwa wiki nyingi. Huko ndiko kuvu huota, vioo hufunga ukungu asubuhi, na mtoto mwenye pumu hukohoa bila ya mzazi kujua sababu. Yetu tuliianika juani kutwa tatu.

Dhoruba ya kwanza ya Oktoba ilipopita, binti yangu aliniletea magazeti tuliyoyatandika chini ya kapeti. Ya mbele yote yalikuwa makavu. La nyuma, karibu na buti, lilikuwa na doa la ukubwa wa sarafu. Jumamosi, inshallah, tutaifungua taa ya nyuma.