Mradi "Usio wa Lazima": Istilahi za Vibali vya Mazingira

Miongoni mwa maswali ambayo mtumishi wa serikali aliyeko Mwanza hana budi kuyajibu kwa Kiswahili, lipo hili: mwananchi anataka kujenga kando ya Ziwa Victoria, je, mradi wake wahitaji tathmini kamili ya athari kwa mazingira, au waweza kupitia utaratibu mfupi? Swali ni la sheria, lakini jibu humfikia mwananchi kwa maneno. Maneno yakikosewa, mmoja hujenga pasipo kibali akidhani amesamehewa, na mwingine huacha kazi halali akidhani amekatazwa. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, makosa ya namna hiyo hayawezi tena kuhesabiwa kuwa madogo. Katika makala haya tunakusudia kuzieleza istilahi zinazohusika, kuonyesha tafsiri zinazopotosha, na kupendekeza zinazofaa.

Msingi wa jambo lenyewe

Wazo la kupima madhara ya mradi kabla ya kuutekeleza liliingia katika sheria ya Marekani iliyotiwa sahihi tarehe 1 Januari 1970, kisha likaenea duniani. Hapa nchini, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliundwa mwaka 1983. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ikaagiza kwamba, kwa miradi ya aina zilizotajwa, tathmini ifanywe kabla mradi haujaanza wala haujagharimiwa. Kanuni za utekelezaji zilitolewa mwaka 2005, na marekebisho ya mwaka 2018 yakaipanga miradi katika makundi yanayojulikana kwa alama A, B1 na B2, pamoja na kundi maalumu. Mradi wa kundi A hulazimika kufanyiwa tathmini kamili. Mradi wa B1 huamuliwa baada ya kuchunguzwa. Mradi wa B2 haulazimiki kufanyiwa tathmini kamili, ila mwenye mradi huwasilisha andiko linaloueleza.

Alama hizo hazina utata. Utata huanza pale yanapotafsiriwa majina ya Kiingereza yaliyoambatanishwa nazo.

Tafsiri tatu zinazopotosha

Mfasiri afuataye neno kwa neno ataliita kundi A "miradi ya lazima". Kwa Kiswahili, mradi wa lazima ni ule ambao hauna budi kutekelezwa, kama vile kisima katika kijiji kisicho na maji. Kilichokusudiwa ni tofauti kabisa: kilicho cha lazima ni tathmini, si mradi.

Kundi B1 ataliita "miradi ya mpakani". Msomaji wa Kanda ya Ziwa, ambaye Sirari na Mutukula anazifahamu, ataelewa kwamba inazungumzwa miradi iliyo karibu na Kenya au Uganda. Mpaka uliokusudiwa ni ule ulio kati ya kundi moja na jingine.

Kundi B2 ataliita "miradi isiyo ya lazima". Hapa kosa ni kubwa zaidi, kwa maana linapotosha mara mbili. Kwanza, latukana: mwenye kichanja cha kuanikia dagaa anaambiwa kwamba kazi yake si ya lazima. Pili, lafungua mlango: kwa kuwa neno "lazima" limekanushwa pasipo kutajwa kisicholazimika, msomaji hujijazia mwenyewe, naye hujaza "kibali". Hivyo mradi usiolazimu tathmini kamili hugeuka kuwa mradi usiolazimu chochote.

Yafaa tuwatazame majirani zetu wa Kenya. Mwaka 2019 waliipanga miradi yao kwa kiwango cha hatari: ndogo, ya kati na kubwa. Mpango huo hauwasumbui wafasiri, kwa sababu jina lenyewe linataja kitu kinachopimwa. Kanuni yetu basi na iwe hiyo: jina la kundi litaje kinacholazimika au kisicholazimika.

Udogo si kipimo

Wengine, kwa nia njema, huliita kundi B2 "miradi midogo". Nalo hatulikubali. Ukubwa ni kimojawapo tu cha vipimo vya mchujo. Huangaliwa pia matumizi ya maliasili, athari zitakazobaki baada ya kuchukuliwa hatua za kuzipunguza, kuhamishwa kwa watu, wasiwasi wa jamii, na mahali penyewe, hususan maeneo nyeti kama ardhi oevu.

Ziwa lenyewe ni mwalimu wa jambo hili. Sangara waliingizwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa kipimo cha jengo au cha fedha, kumimina samaki majini ni kazi ndogo. Hata hivyo, kufikia miaka ya 1980 furu walikuwa wamepungua mno katika Ghuba ya Mwanza, na spishi zao nyingi zikawa hazionekani tena. Kweli, sangara hao hao walileta viwanda vya minofu na ajira. Lakini hakuna awezaye kudai kwamba athari yake ilikuwa ndogo kwa sababu tendo lilikuwa dogo.

Kadhalika mahali. Kifungu cha 57 cha Sheria ya mwaka 2004 kilizuia shughuli za kudumu, au ziwezazo kudhuru hifadhi, katika umbali wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kibanda kidogo kilichomo katika eneo hilo hakipati uhalali kwa udogo wake. Tunawatahadharisha wafasiri wasiandike "ndani ya mita 60 za ziwa", kwani wako watakaoelewa kwamba ni ndani ya maji. Iandikwe "umbali usiozidi mita 60 kutoka ukingo wa ziwa". Tena "ukingo" lisichanganywe na "ufuko", ambao ni mchanga wa kando ya maji, wala na "mwalo", ambao ni mahali pa kupakulia samaki. Maji ya Ziwa yalipanda sana baada ya mvua kubwa za mwaka 1961, yakapanda tena mwaka 2020 na 2024. Ufuko wa jana waweza kuwa chini ya maji leo.

Mchujo, utaratibu mfupi na kukidhi vigezo

Kwa hatua ya kuamua mradi uingie kundi gani, neno "mchujo" limekwisha kuenea. Lina dosari moja: katika siasa na michezo, aliyechujwa ameondolewa, na mwenye mradi akisikia umepelekwa kwenye mchujo aweza kudhani upo mbioni kukataliwa. "Upembuzi" lingefaa, maana apembuaye kwa ungo hutenga pasipo kutupa vyote. Lakini neno hilo limekwisha kutwaliwa na "upembuzi yakinifu". Kwa kuwa si desturi nzuri kuliua neno lililo hai, tunashauri "mchujo wa miradi" libaki, na maana yake ielezwe kila linapotumika mara ya kwanza.

Kuhusu njia iliyorahisishwa, tumeona "kibali cha haraka" na "kibali chepesi". La kwanza lataja muda ambao huenda usitimie, na katika ofisi laweza kuamsha dhana ya malipo ya pembeni. La pili ladokeza kwamba kibali chenyewe kina uzito pungufu. Kilichofupishwa ni njia. Kibali kikishatolewa, masharti yake humfunga mwenye mradi sawasawa. Kwa hiyo twapendekeza "kibali cha utaratibu mfupi".

Tena, isisemwe mradi "unastahili" utaratibu huo, kana kwamba ni heshima au tuzo. Isemwe "unakidhi vigezo". Na anayeamua kama vimekidhiwa ni mamlaka husika. Mwenye mradi hujieleza tu.

Mfano

Tuchukue kikundi cha wanawake kinachotaka kujenga vichanja vya kuanikia dagaa na ghala karibu na mwalo. Afisa atauliza: ukingo wa ziwa uko umbali gani? Pana ardhi oevu? Maji machafu yataelekea wapi? Kuna wakazi watakaohamishwa? Majibu yakiwa mazuri, ataandika hivi: "Mradi huu haulazimu tathmini kamili. Hata hivyo, msianze ujenzi kabla ya kupata kibali." Sentensi ya pili ndiyo inayosahauliwa. Ifahamike pia kwamba kibali cha mazingira hakibatilishi vingine: matumizi ya maji huombewa kibali Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na ujenzi huombewa halmashauri.

Istilahi tunazopendekeza

Mchujo wa miradi: hatua ya kuamua mradi uko kundi gani.
Mradi wa tathmini ya lazima: wa kundi A.
Mradi wa kuamuliwa: wa kundi B1, mamlaka huamua baada ya mchujo.
Mradi usiolazimu tathmini kamili: wa kundi B2.
Andiko la mradi: maelezo mafupi ya mradi yanayowasilishwa kwa mchujo.
Kibali cha utaratibu mfupi: kibali kinachotolewa pasipo tathmini kamili.
Kukidhi vigezo: kutimiza masharti ya kuingizwa katika kundi.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wazijaribu istilahi hizi katika barua, mabango na mikutano ya vijiji, nao watuarifu zinapokwama. Kipimo chetu ni kimoja: mvuvi wa Igombe akiisoma barua yake peke yake, ajue kama aanze kujenga au asubiri.