Ramani mbili za kartie: ya waya na ya watu

Umeme ukipangwa vibaya katika kartie unaweza kuzusha chuki kati ya wenyeji na waliokimbia vita. Ndiyo maana leo tunaandika juu ya ramani.

Huko Goma miradi haikukosekana. Kuna laini ya zamani ya SNEL kutoka Ruzizi. Mwaka 2015 ulifunguliwa mtambo wa maji wa Matebe, Rutshuru. Mwaka 2020 ukafuata mtambo wa jua wa megawati 1.3 kule Ndosho. Kazi ya namna hii huanza na ramani ya mafundi: nguzo, waya, transfoma, na mahali penye mawe ya volkano ya 2002, maana kuchimba shimo la nguzo ndani ya lava si mchezo.

Ramani hiyo ni ya lazima, lakini inahesabu parseli, haihesabu watu. Tuseme fundi amekuta parseli 200, akapanga wati 500 kwa kila moja. Transfoma ya kVA 100 inaonekana kutosha. Kumbe kila parseli imepokea familia nyingine, na watumiaji ni 400. Jioni wote wakiwasha, fyuzi zinakatika. Atalaumiwa nani? Mgeni, wakati kosa lilikuwa kwenye hesabu.

Kwa hiyo ichoreni ramani ya pili, ninyi wakaaji pamoja na nyumba kumi wenu: kila avenyu ina familia ngapi, zikiwemo zilizopokelewa, maternite, bomba na kinu viko wapi, njia gani inaogopesha usiku. (Waulizeni akina mama peke yao, mbele ya wazee wengi hawatasema.) Mkiichora kwenye plastiki inayoonyesha, kwa kipimo kilekile, iwekeni juu ya ile ya mafundi. Penye familia nyingi na waya mwembamba pataonekana bila hotuba.

Lakini ramani inayoonyesha mgeni analala wapi inaweza kuangukia mikononi mwa mwenye silaha. Msiandike jina, kabila wala kijiji alikotoka mtu. Andikeni jumla ya familia za avenyu nzima, wenyeji na wageni pamoja. Anayedai orodha ya majina mapema, mwulizeni transfoma inahitaji jina la nani. Majina ni ya siku ya mkataba wa mita.

Tena, watu wanahama kila mara. Rudieni kuhesabu kabla transfoma haijaagizwa. Ikishafungwa, kuibadilisha ni gharama kubwa.