Mkazo wa Kiingereza: jaribu kwa maneno ya kubuni

Ukiwa Columbus una nafuu: jina la mji wako lina mkazo mahali ambapo Kiswahili huupenda, silabi ya pili kutoka mwisho, ko-LAM-bas. Kentucky na Ohio vilevile. Lakini ndugu wa Buffalo akitaja mji wake kwenye simu kama bu-FA-lo, huenda asieleweke. Wenyeji husema BA-fa-lo. Louisville nayo huanza kwa nguvu, LU-a-vol, na silabi zinazofuata humezwa.

Kwetu mkazo hausumbui. Soma neno hili lisilo na maana: tondekari. Umesema ton-de-KA-ri, na hukufundishwa na mtu. Tunayo machache yanayokaidi: njia ya magari ni ba-ra-BA-ra, ila kazi iliyofanywa sawasawa ni ba-RA-ba-ra.

Ndiyo maana wachunguzi wa lugha hutumia maneno ya kubuni. Neno halisi mtu huenda amelikariri. Neno asilowahi kulisikia humlazimisha kufuata kanuni iliyo kichwani mwake. Nawe fanya hivyo darasani. Andika “dablit” na umwombe mwalimu asome: “This is a dablit.” Yaelekea atasema DAB-lit, kwa sababu nomino nyingi za Kiingereza zenye silabi mbili hubeba mkazo mwanzoni. Si zote: hotel ina mkazo mwishoni. Kisha mpe “plamination.” Hapa mkazo utakaa kwenye silabi iliyo kabla ya -tion: pla-mi-NEI-shen. Kanuni hii ni ya kuaminika sana, nayo utaihitaji kila wiki: application, medication, immigration.

Jihadhari zaidi na maneno yanayofanana na yetu. Sisi husema hos-pi-TA-li, wao HOS-pi-tal. Ukiuhamisha mkazo, msikilizaji anaweza kupotea hata kama herufi zote umezitamka vizuri, na ukiwa umepiga 911 hakuna muda wa kurudia mara tatu.

Namba nazo zina mtego. Thelathini ni THER-ti. Kumi na tatu, ikisemwa peke yake, ni ther-TIN. Ndani ya sentensi mkazo wa kumi na tatu mara nyingine hurudi mbele, na hapo hata wenyeji huulizana. Kwa hiyo unapotaja siku ya daktari au dola za kodi, ongeza tarakimu moja moja: “thirteen, one three.”